Udongo Uliooshwa

9 Februari

Kijiti wangu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa, na sipendi kukusubirisha. Huku tupo. Paa limetulia baada ya fundi kulipigilia upya, kuku wa jirani bado wanakula kwangu na kutaga kwao, na muuguzi wa zahanati amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya mnadi. Kaka yako, yaani huyu mwanangu wa lifti, amepandishwa cheo. Anatengeneza lifti za majengo yote ya kampuni yao, isipokuwa ya jengo analokaa mwenyewe, ambayo imekufa tangu mwaka jana. Kila jioni anapanda ngazi hadi ghorofa ya sita na sanduku lake la spana mkononi. Nimemwambia asiwacheke tena madaktari wanaougua.

Sasa nikueleze kilichonikalisha kitako. Bustani ya baba yako inakufa. Kivumbasi alichokipanda marehemu nyuma ya zahanati hadi mlangoni kwa jiko letu, kile tunachokivuna na kukiuza kwa dawa ya kifua na ya kuchua, kinaungua kingo za majani kuanzia shina kwenda juu. Mnanaa ulishaniaga. Asubuhi matuta yana ukoko mweupe kama sufuria ya uji iliyosahauliwa. Bahari imepanda ule mkondo hadi karibu na ukuta wa shule, na maji ya kisima yamekolea. Siku hizi chakula sikitii chumvi, maji yanatia yenyewe.

Unamkumbuka mama anayetengeneza dawa ya kuchua, yule tunayemwita Mama Pua kwa sababu hanunui jani bila kulinusa amefumba macho? Amenirudishia gunia zima. Kasema mavuno ya Novemba yakiwa hivi, atatafuta kwingine. Mwanangu aliposikia hakunipa hata pole. Alisema, "Basi mama, bustani ikifa unahamia kwangu." Na mimi kwa hasira nikamjibu, "Ikifa, nahamia." Kauli imeshatoka mdomoni, na wewe unanijua, sili matapishi yangu. Novemba ikikataa, nafungasha, nikaishi angani kama njiwa.

Wewe kazi yako ni kulea mimea kwenye banda la vioo. Nimekuwekea majani humu ndani, yatazame. Simu usinipigie kwa jambo hili, simu inasema nusu kisha inakata. Na utakuja lini? Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa.

Shangazi yako


26 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na kabla hujauliza: ninakula. Nimenenepa kiasi kwamba jina la Kijiti itabidi umpe mtu mwingine. Hapa kazini tumepata mkuu mpya, mwanamke mpole anayepanga kalamu zake kwa urefu. Chumba nilichohamia kina dirisha linalotazama karakana ya magari, kwa hiyo naamka na nyundo na kulala na nyundo. Mpe muuguzi hongera, na mwambie mtoto mwenye sauti hafi njaa.

Majani yako niliyaweka mezani asubuhi, na hadi mchana chumba kizima kilikuwa kinanukia nyumbani. Nikatoka nje kidogo. Nilirudi nikayatazama vizuri. Ukinilazimisha kubahatisha nitasema ni chumvi: mmea unakunywa, lakini kile unachokunywa kinaukausha, ndiyo maana unaanza kuungua kwenye kingo. Lakini mimi silipwi kwa kubahatisha. Nitumie kopo la udongo kutoka tuta linaloumwa zaidi, na mche mmoja pamoja na mizizi yake. Nikishapima nitakuambia la kufanya, na Mama Pua atanusa mpaka apige chafya. Kivumbasi si mgonjwa wa kukatiwa tamaa, Shangazi. Kina njia zake za kujitetea, tutakisaidia tu.

Goti lako linaendeleaje? Nani anakuchotea maji?

Mwanao,
Kijiti


18 Machi

Kijiti,

Marahaba. Mtoto wa muuguzi ametobolewa masikio, na alivyolia tulidhani zahanati inaungua. Jirani amejenga ukuta, kuku wake wanapita chini yake. Mwanangu alikuja Jumapili, akapima kabati langu kwa futi bila kuniambia kwa nini. Nikamwachia apime. Kabati hilo lilijengewa ndani ya chumba, mlangoni halipiti, na huko ghorofani kwake sijui atalitia kwa dirisha gani.

Kopo la udongo na mche utaletewa na dereva wa vifurushi, huyo mwenye kofia nyekundu. Nimevitengeneza vizuri, usione haya mbele ya wenzako. Mkuu wako apangaye kalamu asije akasema shangazi yako hajafunzwa.

Huko ofisini kwenu likizo hazitolewi?

Shangazi


11 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mzigo ulifika salama, tena msafi mno, mpaka mkuu akauliza kama kilicholetwa ni udongo au unga. Nilijisikia mtu wa maana.

Habari niliyo nayo ni nzuri. Udongo wako hauna chumvi ya kutisha. Nimepima, nikarudia, mwenzangu akapima, jibu ni lilelile. Nilikosea kubahatisha. Kinachokisumbua kivumbasi ni njaa: udongo umechoka, virutubisho karibu hamna. Kwa hiyo nenda duka la pembejeo, nunua mbolea ya chumvichumvi, tia kiganja kwa kila shina, mwagia maji ya kutosha. Mwezi mmoja tu utaona tofauti. Nakuhakikishia.

Kaka wa lifti alinipigia, tukaongea sana. Kasema ngazi zimempa mapafu ya mwanariadha. Anakupenda, Shangazi, hata kama mdomo wake ni wa spana. Na nikuambie kitu: mimi naamini bustani itasimama, lakini hata ikikataa dunia haitakuwa imekwisha. Pale kwake kuna roshani yenye jua, ungeweza kuwa na makopo yako machache.

Goti?

Kijiti


30 Juni

Kijiti,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika, maneno yaliyokuja hayakuwa ya kumwandikia mtoto wa marehemu kaka yangu.

Nilikwenda dukani. Nilipoona jina la mbolea yenyewe nilisita, nikajiambia mtoto kasoma, mtoto kapima. Nikatia kiganja kwa kila shina kama ulivyoagiza. Matuta matatu ya karibu na kisima yamekufa yote. Hayakuumwa, yalikufa tu, majani yakawa kama karatasi ya sukari iliyochomwa. Ya mbali yanapumua kwa shida. Ule ukoko mweupe sasa unaweza kuukwangua kwa kijiko.

Mwanangu kapaka rangi chumba. Kasema ni rangi ya krimu. Sijamuuliza chumba cha nani.

Kilichobaki na uhai wa kweli ni mche mmoja tu, nao hauko shambani. Ule udongo niliokutumia ulibaki kidogo kwenye beseni baada ya kuuosha, nikaona haya kuumwaga, nikautia kwenye kopo la rangi na kuchomeka mche mdogo dirishani. Nilikuwa naumwagia maji ya tanki, yaani ya mvua, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu na jiko. Huo umenawiri kama mtoto aliyelelewa na bibi yake. Unanitazama kila asubuhi, na mimi naona unanicheka.

Roshani yenye jua, sikia huyo. Makopo machache.

Shangazi


8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, kiatu kimoja kiko mguuni na kingine mkononi, na sijaenda popote. Umesema "baada ya kuuosha". Shangazi, uliuosha udongo?

Naona kama nilikuwepo. Beseni la bluu, maji ya tanki, unausuuza mpaka maji yanatoka safi, kisha unauanika kwenye ungo na kuufunga kwa karatasi mpya, ili mpwa wako asije akaleta matope ofisini kwa watu. Na mizizi nayo ukaipiga brashi. Ndiyo maana mkuu aliuona kama unga. Chumvi yote, na kile kidogo cha rutuba kilichokuwemo, viliondoka na maji ya beseni. Sisi tukapima udongo mtupu, tukasema una njaa. Kisha nikakuambia umtie mgonjwa wa chumvi chumvi nyingine, ndani ya udongo uliokuwa umeshajaa. Mkuu nilipomweleza alicheka hadi kalamu zikaanguka. Mimi sikucheka. Ningekuuliza swali moja tu, "umeufungaje," nisingekuulia matuta matatu. Nisamehe.

Lakini tazama dirishani kwako. Mche unaokucheka umekaa kwenye udongo uleule wa tuta linalokufa, tofauti ni kwamba huo ulioshwa. Umekuonyesha dawa kabla yangu mimi na vipimo vyangu. Kwa hiyo tunafua bustani, Shangazi, na tunaifua kabla mvua za mwisho hazijakwisha tankini.

Matuta ya karibu na kisima yaache, yamekwenda. Kwenye ya mbali inua matuta mapya, membamba na marefu kwenda juu, na chini yake mfereji unaotoka nje, usirudi kisimani. Changanya mboji ya kutosha. Kisha mwagilia maji ya mvua polepole, tuta linywe na kuteremsha chumvi chini, urudie mpaka ukoko ukome kujitokeza. Mbegu usizipande kavu. Ziloweke kwanza kwenye maji ya mvua yaliyotiwa kijiko cha maji ya kisima kwa kila kikombe, ili zionje chumvi zikiwa bado mbegu na zisije zikashtuka ukubwani. Matuta uyafunike kwa nyasi kavu, jua lisiivute chumvi ije juu. Katika bahasha kuna unga wa kuvu, aina inayokaa na mizizi na kuisaidia kunywa. Weka kidogo kwenye kila shimo. Miche ikisimama, anza kuichanganyia maji ya kisima, kidogo kidogo, kila wiki yazidi. Maji ya mvua hayatatosha hadi Novemba, na hata yangetosha nisingetaka. Bustani itafika Novemba, nina hakika nayo kuliko nilivyokuwa na hakika mwezi wa nne, maana safari hii ushahidi uko dirishani kwako na si mezani kwangu.

Na nikuambie jambo moja bila kukukosea adabu. Barua zako nazo unaziosha. Nimekuuliza goti mara mbili, ya kwanza umenijibu kuku, ya pili rangi ya chumba. Goti lako likoje?

Kijiti


2 Septemba

Kijiti,

Marahaba. Nimecheka, halafu nikanuna, halafu nikacheka tena. Ndiyo, niliuosha. Ulitaka nipeleke matope maabara? Marehemu mama yetu angenifufukia. Na mizizi niliipiga mswaki mpya.

Kazi imefanyika. Watu wanapita barabarani wanaambiana kwamba mama wa majani amerukwa na akili, anafua shamba. Mmoja aliuliza kama nitalipiga pasi. Muuguzi amenisaidia kubeba ndoo akitoka zamu, mtoto mgongoni anaimba. Mbegu nilizoloweka kama ulivyosema zilivimba zikawa na ute kama mayai ya chura, zikang'ang'ania vidole, nikazichanganya na mchanga mkavu ndipo zikakubali kumwagika. Mchanga nilikuwa nimeuosha, na kwa huo usiniseme. Kuhusu kuvu, mimi ambaye maisha yangu yote nafukuza kuvu kabatini, leo naipokea kwenye bahasha na kuitafutia mahali pa kulala. Nimeitia.

Imeota, Kijiti. Miche imesimama mstari kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Kingo za majani ni kijani hadi mwisho. Nimeanza kuchanganya maji ya kisima kama ulivyosema. Isipokuwa tuta moja, lile la karibu na mlango wa jiko. Lile nalipa maji ya mvua peke yake. Nimelionea huruma, basi. Kila mtu ana kipenzi chake. Majani yake sasa ni mapana kuliko yote, ukiliona utasema ni la shamba jingine.

Sasa la pili. Mwanangu alipiga simu juzi, ikakaa bila kukatika, bahati mbaya yake. Katika kujitetea akasema, "Hata Kijiti alikubali tangu mwezi wa tatu kwamba uhame. Tulikubaliana akuambie pole pole kwamba bustani haiponi." Sijakasirika. Nimekasirika. Mliketi wawili mkanipanga kama fenicha, wewe ukanitumia vipimo kwa mkono mmoja na makopo ya roshani kwa mkono mwingine. Nijibu kama ni kweli.

Shangazi


20 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ni kweli.

Alinipigia mwezi wa tatu, akasema umeanguka kisimani, si ndani, pembeni, na hukutaka nijue. Akasema unatembea na fimbo na unaificha akija mgeni. Niliogopa. Nikamwambia sawa, nitakuandaa. Kisha ulipoleta udongo na majibu yakatoka mazuri, nilifurahi kiasi cha kusahau kwamba nilikuwa nimekubali. Nimekuwa pande zote mbili, na hilo linaniaibisha kuliko mbolea. Kuanzia leo niko upande wako, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu. Hakufurahi. Lakini fimbo naijua, kwa hiyo usinifiche tena.

Na wewe nawe una swali lako uliloniuliza mara mbili, kwamba nitakuja lini. Siji kwa sababu siwezi kuvuka mlango wa hapo nyumbani bila kumsikia baba akikohoa ukumbini. Ile siku majani yako yalipofika, nilikuambia nilitoka nje kidogo. Nilikaa ngazini nikalia hadi mtu wa usafi akaniletea kiti. Harufu ya kivumbasi ni ya mikono yake. Ndiyo maana naitaka bustani ipone kuliko wewe unavyodhani, na ndiyo maana naiogopa. Nampenda, nimemkosa, na sijui nitaingiaje humo ndani. Hayo ndiyo yote.

Sasa kazi. Hilo tuta la kipenzi chako sikubaliani nalo. Harufu ya kivumbasi ndiyo dawa yenyewe, na mmea huo hauitengenezi kwa ajili yetu, unaitengeneza kujilinda. Ukiupa starehe tupu unatanua majani na kusahau kujilinda. Ukiuua kwa chumvi hautengenezi chochote. Unahitaji ile ya katikati, chumvi unayoihisi na kuihimili. Kwa hiyo Mama Pua usimpelekee majani ya tuta la jikoni kwa sababu tu ni mapana. Mpelekee yale madogo, na usihangaike, yatasema yenyewe.

Kijiti


5 Novemba

Kijiti,

Marahaba, mwanangu. Keti kabla ya kusoma, na vaa viatu vyote viwili.

Tulivuna Jumatatu. Mwanangu alifika na gari la mizigo, kakodi, na maboksi matupu nyuma yake. Hakuniuliza kwanza. Nikamwambia, "Maboksi yasubiri. Mama Pua anakuja kesho, akikataa nitapanda mwenyewe na kukaa mbele." Akasema sawa, na usiku huo alilala kwenye kochi na miguu nje.

Mama Pua alikuja asubuhi. Mimi, kichwa kigumu, nikamtandikia kwanza majani ya tuta la jikoni. Mapana, kijani, ungeyafunikia chungu. Akafumba macho, akanusa, akanusa tena, akayafungua. "Dada, haya ni mboga." Nilimwona mwanangu anatazama maboksi, na nakuapia hakuwa na furaha usoni, alikuwa na huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Ndipo nikaleta gunia la pili, la matuta yaliyokunywa maji ya kisima. Majani madogo, magumu kidogo, rangi iliyokolea. Alipolifungua hakufumba macho kwa makusudi, yalijifumba yenyewe. Kisha akauliza magunia yako mangapi, na kama mwakani nitampa yeye peke yake.

Haya niliyaona mwenyewe, sikusimuliwa. Umepatia, Kijiti. Baba yako angetembea mtaa mzima akisema binti yake kapatia.

Mwanangu alibeba magunia hadi gari la Mama Pua. Akarudi akaketi kwenye kizingiti, akawa ananusa viganja vyake. Nikamwuliza ananusa nini. Akasema, "Mjomba." Tukakaa wote wawili pale, mimi nikilia, na yeye akijidai anafunga kamba ya kiatu.

Sasa fimbo, kwa kuwa umeitaja. Ninayo tangu mwezi wa tatu. Goti halikunjiki. Nilianguka kwa sababu ndoo ilinivuta. Matuta yote uliyoniagiza niliyachimba nimekaa kwenye kigoda, nikikisogeza kidogo kidogo, na siku nyingine nilishindwa kuinuka mpaka muuguzi apite. Nilikuwa naogopa kukuambia kwa sababu nilijua mtakachosema wawili nyinyi. Nimesema, limekwisha. Nimekubaliana na mwanangu hivi: mimi sihami, na yeye hatanikuta tena na ndoo mkononi. Alitoa sanduku lake la spana, akafunga kapi na mnyororo na mpini mrefu pale kisimani, ndoo inapanda ikiwa mimi nimeketi. Sasa kuna lifti moja katika ukoo huu inayofanya kazi. Na Jumamosi mbili kila mwezi atakuja kuchimba, kwa sharti kwamba nisimkosoe. Hilo la mwisho sikuahidi.

Matuta ya kisimani hayatarudi, na mnanaa nimeuaga kabisa. Mwakani maji yatakuwa makali zaidi, nalijua hilo na sitajidanganya. Ndiyo maana nakutumia udongo wa msimu ujao upime mapema. Nimeuchimba na kuutia kwenye kopo kama ulivyokuwa, na mizizi, na nyasi, na nadhani kuna mnyoo. Sikuuosha. Ukichafua meza ya mkuu wako, mwambie ni wa shangazi yako.

Chumba cha baba yako kiko kama alivyokiacha, kiti karibu na dirisha, koti mlangoni. Nafikiri kukifagia, kimejaa vumbi mpaka naona haya.

Shangazi


14 Novemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kopo limefika, mnyoo ni mzima. Udongo una chumvi kwelikweli, ila kuna cha kufanya, na safari hii tutaanza kuufua mvua za kwanza zikianguka. Mkuu kaniazima kipimo cha mkononi, kwa hiyo usimpe tena dereva wa kofia nyekundu mzigo wowote. Nitapima hapohapo tutani. Likizo yangu inaanza tarehe mosi Desemba, na basi linafika jioni.

Mwambie kaka asije kunipokea na gari la mizigo.

Na chumba cha baba usikifagie. Niachie kama kilivyo, nitaingia humo hivyohivyo.

Kijiti wako